Kwa nini mapenzi ya wale vijana wawili hayakukugusa

Swali la msomaji: "Nina umri wa miaka 43. Juzi nilitazama filamu ya mapenzi ya vijana pamoja na binti wa kaka yangu, mwenye miaka 16. Picha zake ni nzuri, waigizaji wanajitahidi, muziki unavutia, lakini tangu mwanzo hadi mwisho sikuguswa na chochote. Wale wawili walipoachana sikuhuzunika, na waliporudiana sikufurahi. Binti alilia. Nilipomwambia kwamba wahusika hawakujengwa vizuri, alinijibu kwamba shangazi nimesahau tu, na kwamba vijana ndivyo walivyo. Je, kasoro iko kwenye filamu au iko kwangu? Na kama iko kwenye filamu, ni kitu gani hasa kilichokosekana? Wanapendana ndani ya siku tatu, waigizaji wenyewe wanaonekana watu wazima, na ugomvi wao ungekwisha kwa swali moja tu. Je, ni hayo?"

Ndugu msomaji,

Nilipopata barua yako niliitafuta filamu hiyo nikaitazama mara mbili: mara ya kwanza kama mtazamaji yeyote, na mara ya pili kalamu ikiwa mkononi, jinsi ninavyofanya kwa miswada ya filamu ninayoletewa kuihariri. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa kasoro zilizomo si zake peke yake. Filamu za aina hiyo hutoka kila mwaka, na mara nyingi ukibadilisha majina na mandhari utadhani umetazama ileile ya mwaka uliopita.

Niseme mapema kwamba hujasahau ujana, na kwamba binti wa kaka yako naye hakukosea kulia. Mlikaa mbele ya skrini moja lakini kila mmoja alifanya kazi yake, na nitalieleza hilo kabla sijamaliza. Zile sababu tatu ulizozitaja ni za kweli zote, ila nazihesabu kuwa dalili. Ugonjwa wenyewe, kwa maoni yangu, ni kwamba waandishi waliwapa vijana wale sifa nyingi, lakini hawakumpa hata mmoja wao kitu ambacho mwenzake angeweza kukigundua.

Naomba ulikumbuke onyesho la daftari, ambalo limo katika theluthi ya kwanza ya filamu. Binti, ambaye tumekwisha kuelezwa kwamba anapenda kuchora, ameketi kwenye ngazi za maktaba ya shule, daftari likiwa magotini. Kijana anakuja, anaketi ngazi moja chini yake, ananyoosha mkono. Binti anasita, kisha anampa. Kamera inabaki usoni pa kijana anapofungua kurasa, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anainua macho na kusema kwamba ni nzuri sana. Binti anainamisha kichwa akitabasamu, gitaa linaanza kulia, na kuanzia hapo tunatakiwa kuamini kwamba wanapendana. Katika kutazama mara ya pili niliirudisha picha nyuma ili nihakikishe kwamba sikupitiwa, na kweli sikupitiwa: katika onyesho zima hatuonyeshwi hata mchoro mmoja. Hatujui kama anachora nyuso au nyumba, kama mkono wake ni mwepesi au mzito, kama anafuta sana au hafuti kabisa. Daftari lilifunguliwa mbele ya macho ya kijana na likafungwa mbele ya macho yetu.

Sasa fikiria onyesho hilohilo likiwa na badiliko moja. Kijana anafungua kurasa na sisi tunaona pamoja naye: mzee kwenye foleni, mama dirishani, watoto kwenye benchi, wote wamechorwa kwa ustadi, na wote mikono yao imefichwa. Huyu ameitia mifukoni, yule ameipeleka mgongoni, wengine wameifunika kwa meza au kwa shuka. Kijana, bila nia mbaya, anauliza kwa nini hakuna mtu mwenye mikono. Binti anamnyang'anya daftari na kuondoka. Onyesho lingekuwa na urefu uleule wa sekunde, pengine lingepungua kidogo, lakini angalia tumepata nini. Tumejua kwamba binti hawezi kuchora mikono, na kwamba amejizoeza kukificha asichokiweza kwa werevu kiasi kwamba walimu wake hawajaligundua. Tumejua kwamba kijana huyu, anayesifiwa kuwa mkimya, ukimya wake ni wa mtu anayetazama. Tumejua pia kwamba kutazamwa vizuri kunauma, na kwamba binti atakuwa na sababu mbili zinazogombana, moja ya kumkimbia na nyingine ya kumrudia. Mwandishi naye amejiwekea deni: kuanzia hapo kila mkono utakaoonekana kwenye filamu utakuwa na maana, na siku binti atakapothubutu kuuchora mkono wa huyo kijana, hata kama ameuchora vibaya, hatutahitaji gitaa.

Sidai kwamba huo ndio mchoro waliopaswa kuuandika. Mwandishi mwingine angepata kitu bora kuliko mikono. Ninachotaka uone ni tofauti kati ya sifa na kitu cha kuonekana. Sifa ni neno linalobandikwa juu ya mhusika: anachora, ni mkimya, baba yake ni mkali, amehamia shule mpya. Sifa inaweza kubanduliwa na kubandikwa nyingine bila hadithi kutikisika, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia mimi kila siku. Nilikitumia kwa filamu yako: katika nakala ya maelezo niliyojiandikia niliondoa uchoraji nikaweka fidla, na katika dakika 98 nilihitaji kubadilisha mistari miwili ya mazungumzo na vifaa vya jukwaani. Hakuna uamuzi hata mmoja anaoufanya binti kwa sababu ni mchoraji. Nilimfanyia kijana vivyo hivyo. Nikamwondolea baba mkali nikampa mama mgonjwa, na filamu ikaendelea kama kawaida.

Ndiyo maana hukuhuzunika walipoachana. Mapenzi hayana sura ya kupigwa picha. Kamera inaweza kupiga picha ya mtu anayemwangalia mtu, basi, na mengine yote huyajenga mtazamaji kutokana na kile kilichoangaliwa na jinsi kilivyoangaliwa. Mtu anayependa huona katika mwenzake jambo ambalo wengine wamelipita. Ikiwa hakuna la kuona, mpenzi atabaki kumkodolea macho mwenzake, naye mwenzake atabaki kukodolewa, na hapo ndipo waongozaji hukimbilia mvua, baiskeli, taa za rangi na machweo. Ule mfululizo wa picha na wimbo, ambapo wanacheka na sisi hatusikii wanacheka nini, unachukua dakika 3 na nusu. Ningetoa dakika zote hizo kwa kusikia mzaha mmoja tu waliouchekea.

Wanaosoma fasihi wanayo istilahi ya kale kidogo kuhusu jambo hili. Mwandishi wa Uingereza E. M. Forster, katika mihadhara yake juu ya riwaya iliyochapishwa mwaka 1927, aliwagawa wahusika katika makundi mawili ambayo katika Kiswahili tumezoea kuyaita wahusika bapa, yaani waliojengwa juu ya sifa moja tu, na wahusika duara, na kipimo chake cha mhusika duara kilikuwa kama ana uwezo wa kutushangaza kwa namna ambayo bado tunaiamini. Watu wengi hukumbuka mgawanyo huo wakasahau kwamba Forster hakuwadharau wahusika bapa. Aliona wana kazi yao na wanakumbukika kwa urahisi. Kwa hiyo sina ugomvi na rafiki wa binti katika filamu yako, yule ambaye kila akitokea anauliza kama wameshabusiana. Yeye ni bapa na ametosha. Tatizo ni kwamba wahusika wawili wakuu nao ni bapa kama yeye, na wamepewa saa nzima na zaidi ya kutushangaza wasiitumie.

Sasa nirudi kwenye sababu zako tatu, kwa kuwa mbili kati yake zinahitaji maneno machache na moja ni tajiri.

Umri wa waigizaji ni jambo dogo. Katika filamu ya Hollywood ya mwaka 1936 iliyotokana na tamthilia ya Romeo na Julieti, Norma Shearer aliigiza kama Julieti akiwa amevuka miaka 30, na Leslie Howard, Romeo wake, alikuwa amevuka 40. Mwongozaji wa Italia, Franco Zeffirelli, alipoitengenezea filamu upya mwaka 1968 alichagua vijana ambao walikuwa hawajafikisha miaka 20, na watazamaji wengi waliona tofauti. Naam, ngozi changa na sauti isiyotulia husaidia. Hata hivyo hakuna umri unaoweza kumsaidia mwigizaji aliyepewa ukurasa mtupu, na wale wawili wa filamu yako, ukiwaangalia vizuri, wanahangaika kweli kutafuta cha kuigiza. Yule binti anashika nywele zake kila anapokosa la kufanya, na nilipoanza kuhesabu nikaona ni heri niache.

Siku tatu ndilo suala tajiri. Lawama ya kwamba vijana wamependana haraka mno husikika kila mara, na ukiifuata kwa uaminifu utalazimika kuilaumu tamthilia hiyohiyo ya Shakespeare. Chanzo chake kikuu kilikuwa shairi refu la Arthur Brooke lililochapishwa mwaka 1562, ambamo mambo hayo huchukua miezi. Shakespeare aliikata miezi ile akabakiza siku zisizotimia tano: inaanza Jumapili, na Alhamisi alfajiri wote wawili wamekwisha kufa. Akampunguzia Julieti umri pia. Katika shairi anakaribia miaka 16, katika tamthilia hajatimiza 14. Ni kana kwamba mwandishi alijitafutia makusudi kila sababu ya kutoaminiwa. Na bado tunaamini, kwa hiyo kasi peke yake haiwezi kuwa kosa.

Tazama alivyofanya. Tamthilia inapoanza, Romeo anampenda msichana mwingine kabisa, Rosaline. Tunamsikia akilalama, akisema maneno ya kupingana ambayo washairi wa mapenzi wa zama zake walikuwa wameyachakaza: moto wa baridi, ugonjwa wenye afya, mambo ya namna hiyo. Rosaline mwenyewe hana hata mstari mmoja wa kusema. Tunachojua ni kwamba ni mzuri na kwamba hataki wanaume. Kisha Romeo anafika kwenye karamu, anamshika mkono msichana asiyemjua, na anaanza tena kuzungumza kishairi, safari hii kwa mfano wa hija: mkono wa msichana ni mahali patakatifu, na midomo yake yeye ni mahujaji wawili walio tayari kubusu. Angekuwa Rosaline, mambo yangeishia hapo. Julieti anajibu. Anaupokea ule mfano wa hija na kuugeuza: mahujaji hugusana viganja, na kiganja kwa kiganja ndiyo busu lao, midomo wameumbiwa kusali. Romeo anatafuta njia nyingine ndani ya mfano uleule, Julieti anampa nafasi kidogo, wanamalizia pamoja, na ukihesabu mistari ile tangu Romeo alipofungua kinywa utakuta imetimia 14, yenye vina vilivyopangwa, yaani ni soneti kamili iliyotungwa na watu wawili waliokutana dakika moja iliyopita. Baada ya busu la pili Julieti anamtania kwamba anabusu kwa kufuata kanuni za kitabu. Amekwisha kumwona. Ameona kwamba huyu kijana mzuri ana tabia ya kupenda kwa kukariri, na amemwambia.

Muda uliotumika hapo ni mfupi kuliko ule wa ngazi za maktaba. Tofauti ni kwamba kila mmoja alifanya jambo ambalo mtu mwingine asingelifanya, mwenzake akaliona, akalijibu. Filamu yako, kwa maneno mengine, ni hadithi ya Romeo na Rosaline iliyorefushwa hadi mwisho: upande mmoja analalama, upande wa pili ni mzuri na hana mstari, na hakuna anayejibu. Ukiitazama tena, hesabu ni mara ngapi mmoja wao anapokea neno la mwenzake na kulifanyia kitu. Mimi niliona mara moja tu, pale binti anapocheka namna kijana anavyotamka jina la mtaa wake wa zamani, na ndipo mahali pekee ambapo nilisogea mbele kwenye kiti. Sina hakika kama hilo liliandikwa au waigizaji walilizua wenyewe siku ya kurekodi. Lina harufu ya kuzuliwa.

Ugomvi unaotatulika kwa swali moja ni mtoto wa kasoro hiyohiyo. Binti anamwona kijana amemkumbatia msichana mwingine kituoni, anaondoka bila kuuliza, na baada ya nusu saa tunaambiwa kwamba yule alikuwa dada yake, binti wa mama yake mdogo. Mwandishi hulazimika kutumia bahati mbaya ya aina hii pale wahusika wanapokuwa hawana lolote la kugombania. Bahati mbaya si haramu. Katika tamthilia niliyoitaja barua muhimu haifiki kwa sababu mtawa aliyeibeba amezuiwa ndani ya nyumba inayoshukiwa kuwa na tauni. Lakini kufikia hapo kila mmoja amekwisha kufanya uamuzi wenye gharama, amevunja amri ya nyumbani, ameoa au kuolewa kwa siri, na bahati mbaya inawakuta wakiwa njiani. Katika filamu yako inawakuta wameketi. Laiti tungelijua kwamba binti huyu hukimbia kila anapohisi kuwa ataonekana mpungufu, kama yule wa mikono iliyofichwa, kuondoka kwake bila kuuliza kungekuwa tabia yake inayomponza, na ungemkasirikia kama unavyomkasirikia mtu unayemjua.

Hukuuliza jinsi watu wenye akili, fedha na kamera nzuri wanavyofikia kutengeneza kitu kama hicho, lakini nadhani utapenda kujua, kwa sababu mara nyingi hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa. Filamu nyingi za mapenzi ya vijana hutokana na riwaya, na riwaya za vijana hupenda kusimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Kitabuni binti anaweza kuketi kwenye ngazi kwa kurasa sita akiwaza, na sisi tuko ndani ya kichwa chake. Tunajua anachokiogopa, anachokionea aibu, anavyomkosoa kila mtu anayepita. Muswada wa filamu hauna kichwa cha kuingia. Ukitoa mawazo yale na usitafute vitendo vya kuyabeba, kinachobaki ni msichana aliyeketi kwenye ngazi. Baadhi ya waongozaji huligundua pengo hilo baada ya kurekodi, na kuliziba kwa sauti ya binti akijisimulia juu ya picha, kama ulivyosikia mwanzoni na mwishoni mwa filamu yako. Sauti hiyo ikishatuambia kwamba kijana yule alikuwa tofauti na wengine wote, hakuna tena anayejisumbua kutuonyesha.

Njia ya pili ni ya chumba cha uhariri, na hii nimeishuhudia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kusaidia muswada wa aina hii uliokuwa na kurasa 118. Kwa kawaida ukurasa mmoja wa muswada huhesabiwa kuwa dakika moja ya filamu, na mtayarishaji alitaka filamu isiyozidi dakika 100, kwa hiyo kurasa 18 zilipaswa kuondoka. Tulikaa siku mbili. Kila onyesho liliulizwa swali moja: je, linaisukuma hadithi? Onyesho la busu la kwanza lilijibu ndiyo, onyesho la kuachana lilijibu ndiyo, na onyesho la kuonana tena lilijibu ndiyo. Onyesho ambalo kijana alimfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu, akakasirika, akatoka nje, akarudi na kuanza upya kwa sauti ya chini, lilijibu hapana, maana lilipoondolewa hakuna kilichoharibika katika msuko. Niliunga mkono liondoke. Nilipoitazama filamu ilipokamilika niliona kijana mzuri wa sura ambaye sikuwa na sababu yoyote ya kumtakia heri, na nikajua hiyo sababu tuliitupa sisi siku ya pili, baada ya chakula cha mchana. Tangu hapo swali ninalouliza limebadilika kidogo: onyesho hili likiondoka, je, kuna mtu tutakayeacha kumjua?

Nimefika kwa binti wa kaka yako. Anaposema kwamba vijana ndivyo walivyo, nadhani ana maana kwamba kijana wa miaka 16 au 17 bado hajajijua, kwa hiyo si haki kumdai ukamilifu. Kuhusu vijana yuko sahihi. Lakini mtu ambaye hajakomaa na mhusika ambaye hakujengwa ni vitu viwili. Mtu ambaye hajakomaa amejaa mno: leo anataka kuonekana, kesho anataka kufichika, anamchukia baba yake na anaiga mwendo wake, anasema hajali na anakagua simu kila baada ya dakika mbili. Mwandishi hakosi kazi hapo. Mhusika ambaye hakujengwa hana hata mgongano mmoja, ametulia kama picha ya kitambulisho, na kumwita kijana wa kweli ni kuwapunja vijana wa kweli, akiwemo yeye aliyeketi karibu nawe akilia.

Na kilio chake je? Katika miaka ya mwanzo baada ya mapinduzi ya 1917 nchini Urusi, mwongozaji Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo hadi leo hufundishwa kwa kila anayeanza kujifunza uhariri wa filamu. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji maarufu, Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha hisia maalumu, akaupachika kando ya picha nyingine mbalimbali. Masimulizi hayapatani kuhusu picha zote zilizotumika, ila sahani ya supu na maiti hutajwa karibu kila mara. Inasimuliwa kwamba watazamaji walisifu uigizaji: jinsi alivyokuwa na njaa mbele ya supu, jinsi alivyohuzunika mbele ya maiti. Uso ulikuwa uleule. Hisia zilitoka kwa watazamaji, nao wakaamini wamezipata kwenye skrini.

Uso mtupu, basi, si lazima ubaki mtupu kwa kila mtu. Binti wa miaka 16 anaweza kuwa na mtu fulani darasani ambaye hajamwambia kitu, au rafiki aliyemwacha mwezi uliopita, au hana yeyote na hilo ndilo linalomuuma. Alipoona kijana akifungua daftari la binti, alijaza kurasa zile kwa michoro yake mwenyewe, na aliililia hiyo. Hiyo ni kazi halali ya mtazamaji, na watengenezaji wa filamu hizi wanaitegemea kuliko wanavyokiri. Wewe, dada yangu, ulikuja ukiwa huna cha kujazia kwa haraka, au unacho lakini umekwisha kukipanga mahali pake, ukasubiri filamu ikupe chake. Haikuwa nacho. Ndiyo maana nasema hakuna kati yenu aliyekosea, ingawa filamu ilikosea kwenu wote wawili: wewe ilikunyima, na yeye ilimwachia kazi yote halafu ikachukua sifa.

Kwa hiyo nisingekushauri umwambie tena kwamba wahusika hawakujengwa. Ni kweli, ila kwake neno hilo linasikika kama hukumu juu ya kilio chake. Muulize jambo dogo zaidi. Muulize ule ukurasa wa kwanza wa daftari, ambao kijana aliutazama kwa muda mrefu kuliko kurasa nyingine, ulikuwa na mchoro gani. Huenda akakushangaa kwa kuwa anadhani ulionyeshwa; huenda akataka kurudisha filamu nyuma aukague, na hapo atagundua mwenyewe bila shangazi kumwambia. Lakini pia huenda akakujibu papo hapo, kwa uhakika kabisa, kwamba ulikuwa mchoro wa kitu fulani. Akikujibu hivyo, tafadhali niandikie aliona nini.